Msalaba wa Chaki ya Njano

Jumatatu, 1 Julai

Msimu wa sare umeanza leo. Shule zinafunguliwa Septemba, kwa hiyo tuna wiki tisa za kukata na kushona mashati na makoti ya watoto wa nusu ya mji. Kila mwaka nanunua daftari jipya la vipimo, na kila mwaka kurasa za nyuma zinabaki tupu. Mwaka huu nitazijaza, maana nina donge rohoni na sina pa kulitoa. Nikimwambia Mama, atamtetea yeye.

Yeye ni mkataji mpya. Kiwandani tunamwita Mgeni. Ametoka nchi ya mbali, rangi yake si ya watu wa hapa, na jina lake hakuna aliyejaribu kulitamka zaidi ya mara moja. Ana miezi mitatu kwetu. Mimi nina miaka kumi na tisa kazini, na kabla yangu meza ya dirishani ilikuwa ya marehemu baba. Leo asubuhi Bibi Futi amempa yeye.

Bibi Futi ndiye mwenye kiwanda. Tulimpa jina hilo kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Alinishika bega akasema, "Makoti yanataka mwanga, na yule ana jicho. Wewe kaa huku kwa pasi ukate mashati. Mashati unayajua hata ukifumba macho."

Alidhani ananisifu. Nikabeba mkasi wangu na kopo langu la chaki, nikahamia kwenye mvuke.

Jumanne, 2 Julai

Manyunyu kutwa. Mashati.

Ijumaa, 5 Julai

Nimemwangalia wiki nzima, na afadhali nisingemwangalia. Hakimbilii mkasi. Anasimama mbele ya jora, analipapasa kwa kiganja, anageuza vipande vya karatasi vya kupimia huku na huku mpaka vinakaa karibu karibu kama ndugu kwenye kitanda kimoja. Ndipo anakata. Leo Bibi Futi ameokota mabaki yake yote kwa mkono mmoja, akazunguka nayo kiwanda kizima akionyesha. "Jora zima hili. Mabaki yake ndiyo haya."

Ya kwangu yalijaa ndoo. Mpiga pasi, ambaye tunamwita Mvuke na ambaye hajawahi kuacha jambo lipite bila neno, alichungulia ndoo yangu. "Dada, haya yako yanatosha kumvalisha mtoto wa chekechea, na kofia juu."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kicheko cha midomo. Mgeni hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi. Angalau angecheka ningekuwa na sababu.

Jumapili, 7 Julai

Juzi Mama alikuja kunirudishia funguo nilizosahau, Mgeni akaona bitana ya koti lake imechanika, akaishona wakati wa chakula cha mchana bila kuombwa. Tangu hapo nyumba hii haina hadithi nyingine. Leo Mama aliligeuza koti nje ndani mara tatu kunionyesha mshono.

"Yule mwanangu ana mkono wa baba yako," alisema.

Nikamwambia chai inapoa. Mkasi wa baba ninao mimi. Kiti chake ninakikalia mimi. Miaka yote hii Mama hajawahi kuniambia nina mkono wa baba.

Alhamisi, 11 Julai

Baridi imeshika. Wivu unachosha kuliko kukata.

Jumatatu, 15 Julai

Anamsalimia kila mtu kwa zamu, kuanzia mlangoni hadi kwangu. "Umeamkaje, dada?" Nami namjibu salama huku nikinoa chaki, ili nisimtazame.

Jumatano, 17 Julai

Leo nimeaibika, na pia nimelipiza. Niandike kwa mpangilio.

Kiwandani kwetu kila mkataji ana rangi yake ya chaki ili washonaji wajue kazi ni ya nani. Yangu ni ya njano, yake ya bluu. Na tuna sheria moja ya tangu enzi za baba: mtu yeyote akiona kipande chenye kasoro anakichora msalaba upande wa mgongo, anakipeleka kwenye meza ya kasoro, basi. Hakuna kugombezana.

Asubuhi nilikuwa nakata mikono ya mashati. Kitambaa cha mwaka huu kina uso unaong'aa na mgongo uliofifia, kwa hiyo lazima ukilaze uso kwa uso, ili kila ukikata upate mkono mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Hata mwanafunzi wa siku mbili anajua. Mimi nilikilaza chote uso juu. Nilikuwa namtazama Mgeni anavyokata kola ya koti, kila tabaka nililolitandaza nililitandaza macho yakiwa dirishani, nikashusha mkasi. Mikono themanini, yote ya kushoto.

Mgeni ndiye aliyeona. Alikuja kuchukua uzi, akasimama, akanyanyua mkono wa kwanza, wa pili, wa tano. Akatoa chaki ya bluu mfukoni, akachora msalaba kwenye kipande cha juu, akaubeba mrundo wote hadi meza ya kasoro, polepole, kwa adabu, kiwanda kizima kikiangalia. Kama angenipigia kelele ningemjibu.

"Shule gani hiyo," akauliza Mvuke, "ambayo watoto wake wana mikono miwili ya kushoto?"

Bibi Futi hakucheka wala kugomba. Aliniangalia kwa huruma. Huruma hiyo niliimeza na mate.

Jioni wote walikuwa nyuma wakinawa. Koti la Mgeni, la kijivu, lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wake karibu na mlango. Chaki yangu ilikuwa mkononi. Nikachora msalaba mgongoni, mkubwa, mistari miwili kutoka bega hadi kiuno. Nilitaka alishike koti, aone, na wenzetu waone, wacheke, tuwe sawa kwa sawa. Kumbe alilivaa akiwa anaongea na Bibi Futi, hakuangalia. Na wengine walikuwa wakigombania miavuli ingawa mvua imekatika tangu saa tisa.

"Tutaonana kesho, dada," akaniambia.

Akatoka. Nilisimama mlangoni nikiuangalia ule msalaba unakwenda na barabara, unapita kwenye watu. Ningeweza kumwita. Nilicheka peke yangu mpaka nyumbani, na Mama akaniuliza leo kuna nini kizuri. Kesho Mgeni ataniuliza, nami nitamwambia ni mzaha.

Alhamisi, 18 Julai

Hakuja kazini.

Saa nne simu ya Bibi Futi ililia. Akasikiliza, akakaa kitako juu ya marobota ya kitambaa, yeye ambaye hakai mchana kutwa. Mgeni amelazwa. Jana, kama dakika kumi baada ya kuondoka kazini, watu wawili walimpiga pale kona, mbele ya duka la maua. Mbavu mbili. Mkono wa kulia wameukanyaga, vidole vitatu vimevunjika. Simu yake na pochi yake hawakugusa.

"Kama hawakuiba walitaka nini?" akauliza mshonaji mmoja.

Kila mtu alijua. Mwaka huu wote kuta za huku zimeandikwa rudini kwenu, na sisi tunapita tunaenda kazini.

Mimi sikuuliza swali hata moja. Nilitaka kujua jambo moja tu, na jambo hilo ndilo nisiloweza kuliuliza: kama waliona mgongo wake. Najiambia hawakuona. Najiambia ilikuwa jioni, mawingu, koti la kijivu na chaki iliyofifia. Lakini chaki yangu haififii, naijua.

Ijumaa, 19 Julai

Bibi Futi amenirudisha meza ya dirishani. Nimekata makoti kumi na mawili katika mwanga ule niliolilia wiki tatu.

Jumapili, 21 Julai

Mama amekwenda hospitali na chupa ya supu. Nilisema kichwa kinaniuma. Amerudi jioni, amevua viatu, amekaa muda mrefu bila kuwasha taa.

"Unajua walimfanyia nini wale? Walimchora. Walimchora msalaba wa chaki mgongoni kama ng'ombe wa mnadani, ndipo wakampiga. Polisi wamelichukua koti. Mwanzoni walikuwa wanasema vijana wamelewa, mambo ya mtaani, yataisha. Walipouona ule msalaba ndipo wakaandika kwamba wanashuku ni ubaguzi."

"Nani kasema walimchora wao?"

"Sasa unadhani nani?"

Nikaenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Jumanne, 23 Julai

Yumo kwenye gazeti la mtaa. Ukurasa mzima. Picha ya koti lake, bila rangi, maana gazeti lenyewe halina rangi, na msalaba wangu katikati, mweupe. Chini wameandika kwamba ni fundi mahiri, mpole, anayependwa na wenzake.

Nitaandika hapa jambo la aibu, kwa kuwa hili ni daftari langu. Kabla ya kuogopa, nilimwonea wivu. Miaka kumi na tisa sijawahi kutoka gazetini hata kwenye tangazo. Anavunjwa mkono, na bado yeye ndiye anayeangaliwa.

Mvuke alisoma kwa sauti, kisha akajikuna kidevu. "Msalaba. Si kama wetu wa kasoro huu?"

"Acha upuuzi," Bibi Futi akamkata. "Msalaba kila mtu anachora." Lakini niliona macho yake yakizunguka meza zetu, moja baada ya nyingine, kabla hajaondoka.

Jumamosi, 27 Julai

Leo watu wameandamana. Sikutegemea watakuwa wengi. Walimu, madereva, wauguzi, wanafunzi, hata mwenye duka la rangi ambaye hamsalimii mtu. Na kila mmoja alikuwa na msalaba wa chaki mgongoni. Sijui nani alianzisha wazo hilo. Walisema kama yeye ana alama, basi nasi sote tuna alama.

Asubuhi Mama alisimama mbele yangu amevaa koti lake, lile la bitana. Akanigeuzia mgongo.

"Nichore."

"Mama, chaki itakuharibia koti."

"Nichore vizuri, mistari iliyonyooka. Wewe si ndiye mwenye mkono wa chaki?"

Nilitafuta chaki nyeupe ndani ya mkoba, nikaikosa, nikaenda chumbani nikaitafuta tena, nikapata kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole. Mgongo wa Mama umekuwa mdogo. Nilishika bega lake kwa mkono mmoja nikavuta mstari wa kwanza, na mkono ulifuata njia ile ile uliyopita siku ile, kutoka bega hadi kiuno, bila kuniuliza. Nilipomaliza alisema asante mwanangu.

Nilimfuata kwenye maandamano, hatua chache nyuma. Mji mzima ulikuwa umevaa kazi yangu. Siku zote nilitaka watu waione kazi yangu.

Jumatano, 31 Julai

Mvua. Makoti ishirini.

Ijumaa, 2 Agosti

Wamekamatwa wawili, watu wa mtaa wa pili tu. Askari mpelelezi, mwanamke mwenye sauti ya chini, amekuja kiwandani kutuuliza saa aliyotoka Mgeni na kama alikuwa na ugomvi na mtu. Wote tulisema hakuwa na ugomvi. Mimi nilisema wa kwanza.

Akatueleza kidogo. Mmoja amekiri. Amesema walikuwa wamesimama tu pale kona, wakamwona mtu anapita ana msalaba mgongoni, wakaanza kumcheka. Wakamfuata wakimzomea. Yeye akageuka akauliza wanacheka nini, wakasikia lafudhi yake, wakaona sura yake. Yaliyofuata tunayajua.

"Ila anashikilia kwamba msalaba hawakuchora wao," askari akasema. "Anaapa mpaka machozi."

"Mwongo mkubwa," akasema Bibi Futi.

"Mwongo," wakasema wengine.

Mle ndani mimi peke yangu nilijua kwamba mtu yule aliyevunja vidole vya mwenzake, katika jambo hili moja, anasema kweli. Na kwamba kicheko chao kilianzia kwenye kicheko changu. Niliinama nikajifanya natafuta sindano sakafuni, nikakaa huko mpaka viatu vya askari vilipotoka.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeficha kopo la chaki ya njano chini ya kabati la nyumbani. Natumia nyeupe. Jana mshonaji mmoja aliniuliza kwa nini, nikamwambia ya njano imeisha. Bibi Futi alisikia. Leo nimekuta boksi jipya mezani kwangu, chaki za njano kumi na mbili.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimekwenda kwa Mgeni, ametoka hospitali.

Anakaa ghorofa ya tatu juu ya duka la rangi. Chumba kimoja, kitanda kimetandikwa bila mkunjo, cherehani imefunikwa shuka, kiti kimoja. Alinifungulia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una plasta hadi kiwiko. Alinikalisha kwenye kiti, yeye akakaa kitandani, na machungwa niliyopeleka nikayaweka sakafuni kati yetu.

Nilimweleza habari za kiwanda. Makoti yamechelewa, Mvuke ameunguza sketi mbili, Bibi Futi hana raha. Alisikiliza yote. Nilipoishiwa maneno akasema:

"Polisi waliniletea lile koti nilitambue. Chaki ya njano, dada."

Nikaokota chungwa moja sakafuni, nikalirudisha.

"Mstari mwembamba kama uzi. Kiwandani pale hakuna mwingine anayenoa chaki kwa wembe pande zote mbili. Miezi mitatu nimekaa nikiangalia unavyonoa. Nilikuwa naona wivu. Nilitaka kukuuliza unanoaje, nikaogopa, maana hukutaka hata kuniangalia."

Sikujua niyaweke wapi maneno hayo. Nikauliza la kipumbavu. "Mbona hukuwaambia?"

"Usidhani nilikufichia wewe," akasema, na hapo sauti yake ikawa ngumu. "Wale walinitukana rangi yangu. Waliniambia nirudi kwetu, neno kwa neno, huku wamesimama juu ya mkono wangu. Nilimwambia askari wa kwanza, akaandika kwamba nimeanguka katika vurugu za walevi. Nilimwambia wa pili, akaniuliza kama nina hakika nimesikia vizuri. Walipouona msalaba ndipo wakaniamini. Ningesema msalaba umetoka kazini, wangesema kumbe ni ugomvi wa mafundi, wakafunga faili. Msalaba wako ndio uliofanya maneno yangu yawe na uzito. Fikiria hilo."

"Nisamehe."

"Bado." Alisema kwa upole, kama mtu aliyeulizwa kama chai imeiva.

"Niende nikawaambie?"

"Hilo ni lako. Ukienda, kesi yangu inaweza kuanguka. Usipoenda, nikirudi kazini nitalitundika koti langu kwenye msumari ule ule kila siku, na wewe utakuwa nyuma yangu. Mimi sina la kuchagua hapo. Wewe ndiye unalo."

Nilishuka ngazi nikalia pale chini karibu na makopo ya rangi. Nilitamani angenipigia kelele. Nilitamani angekuwa mtu mbaya, hata kidogo.

Jumapili, 11 Agosti

Sikulala vizuri wala sikula. Nimewaza hivi: kesi yake imesimama juu ya mguu mmoja, na mguu wenyewe ni uongo wangu. Nikiuondoa, lazima niweke mwingine. Na pale kona kuna duka la maua, lina kioo mbele na mlango wazi mpaka saa moja jioni.

Jumatatu, 12 Agosti

Niliomba ruhusa ya asubuhi. Mwenye duka la maua ni mama wa makamo, alikuwa anakata mashina ya maua ndani ya beseni. Nilimuuliza kuhusu siku ile. Akasema alishawaambia polisi kwamba hakuona kitu, alikuwa nyuma ya duka.

Nikamwambia, "Mama, ule msalaba niliuchora mimi."

Kisu kilisimama. Nikamsimulia yote, mikono themanini ya kushoto, msumari, chaki, na jinsi nilivyosimama mlangoni nikimwangalia anakwenda. Nilikuwa sijawahi kulisema kwa mdomo. Nilidhani atanifukuza. Alifuta mikono kwenye aproni, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Niliyasikia yote," akasema baadaye. "Kila tusi. Rangi yake, kwao, mama yake. Nilitoka nikafunga mlango wangu, nikazima taa. Wale vijana nawajua, mama zao ni wateja wangu. Nilijiambia ukisema utabaki na nani."

Tukakaa wawili, watu wazima, tumeinamisha vichwa mbele ya beseni la maua. Kisha akavua aproni. Akasema kama ni kwenda twende sasa hivi, maana akisubiri mchana ataghairi.

Kituoni tuliandikisha kila mmoja ya kwake. Askari mpelelezi aliandika bila kunikatiza. Mwisho akaniuliza, "Siku ile nilikuja kuwauliza, ukakaa kimya. Ungekaa hivyo mpaka lini?"

Hakungoja jibu. Aligeuka kwa mama wa maua, akamwomba ayarudie yale matusi taratibu, ayaandike kama yalivyosemwa.

Jumanne, 13 Agosti

Nimesema kazini, kabla mashine hazijawashwa. Nilishika boksi la chaki mkononi kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi.

Mvuke hakutania. Mshonaji mmoja alianza kulia, mmoja wa wale waliosema yule aliyekamatwa ni mwongo. Bibi Futi aliivua futi shingoni, akaikunja polepole mpaka ikawa duara dogo, akaiweka mezani. Sijawahi kumwona bila futi. Shingo yake ni ya bibi kizee.

"Baba yako ndiye aliyeileta alama ile," akasema. "Aliileta ili mtu asiaibishwe mbele ya wenzake. Nilikuwepo."

Kisha akanitoa kwenye meza. Kuanzia leo nachambua mabaki na kufagia, mpaka atakapoamua kama nitabaki. Sikujitetea.

Mama nilimwambia jioni. Alikwenda akaleta koti lake, akalilaza magotini mwangu na brashi juu yake.

"Futa ulichochora."

Nikafuta. Chaki ilitoka vumbi vumbi ikanijaa mapajani. Yeye alikaa ananiangalia mpaka nilipomaliza, kisha akalichukua koti akalipeleka chumbani kwake, akafunga mlango.

Ijumaa, 16 Agosti

Nafagia. Mama ananisalimia asubuhi na jioni, basi.

Jumatatu, 19 Agosti

Mgeni amerudi. Plasta bado, ila vidole vinaonekana kwenye ncha, vimevimba. Watu walisimama wakapiga makofi. Nilikuwa na fagio mkononi, nikaliegemeza ukutani ili nipige nami.

Kesi ipo. Mama wa maua ameongea mpaka amepoteza wateja watatu, na faili limeandikwa ubaguzi kwa sababu ya maneno waliyoyasema wenyewe. Msalaba umewekwa pembeni kama jambo langu. Hayo alinieleza Mgeni mwenyewe kwa sentensi mbili, akapita.

Makoti mia moja hayajakatwa, na siku zimebaki kumi na mbili. Bibi Futi alimuuliza Mgeni atafanyaje bila mkono.

"Nitachora kwa huu wa kushoto. Akate yeye," akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Yeye?"

"Nani mwingine anaweza? Na pia nataka nimwone mbele yangu. Nyuma yangu sitaki."

Jumanne, 20 Agosti hadi Jumamosi, 24

Yeye anachora, mimi nakata. Hatuongei ila vipimo. Mistari yake ya mkono wa kushoto inayumba, lakini mahali pa kuupeleka mkasi anapajua kuliko mimi. Ndoo ya mabaki haijai tena. Alhamisi nilimnolea chaki zake zote za bluu kwa wembe, pande zote mbili, nikaziacha kwenye kopo lake. Ijumaa alizitumia.

Jumatano, 28 Agosti

Jua, kwa mara ya kwanza msimu huu. Mama ameniuliza nitarudi saa ngapi ili aniwekee chakula.

Ijumaa, 30 Agosti

Robota la mwisho limetoka leo saa kumi. Bibi Futi amesema nibaki, ila meza ya dirishani ni ya Mgeni, mkono upone usipone. Daktari amemtoa plasta, amesema vidole viwili havitakunjika tena kama zamani. Nimekata kauli kuliandika hili ili nisije nikalisahau: bado namwonea wivu. Kwa vidole vibovu anaona kitambaa kuliko mimi kwa vizima. Sijui kama utaisha. Najua sasa unaweza kufanya nini ukiachiwa chaki.

Asubuhi, kabla ya robota kufungwa, alikuwa anakagua vipande vya koti la mwisho. Akasimama kwenye mfuko. Nilikuwa nimeukata umepinda, upana wa ukucha, hakuna mzazi ambaye angeona. Yeye aliona.

Aliunyoosha mkono wa kulia kuchukua chaki ya bluu. Vidole vikagoma. Alijaribu mara ya pili, chaki ikaviringika ikaanguka, na kiwanda chote kikajifanya hakioni. Akausukuma mfuko upande wangu wa meza.

"Chora wewe."

Nikainama kuokota ya bluu.

"Hapana," akasema. "Ya kwako."

Boksi lilikuwa bado mezani, halijaguswa tangu siku nilipokiri. Nikatoa ya njano. Nikachora msalaba kwenye kazi yangu mwenyewe, mistari miwili, nikaubeba mfuko ule kwa mikono yote miwili, nikavuka chumba kizima kwenda meza ya kasoro, wote wakiniangalia mgongo.